Je! Kuitengeneza Damu ni Kugeuza Alichoumba Mwenyezi Mungu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwumba wa kila kitu na Mjuzi wa alichokiumba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: katika darsa yetu moja ya mwezi wa Shaabani tuliulizwa na kijana juu ya hii elimu mpya iitwayo uhandisi wa jeni, ambayo kwayo wataalamu huingia ndani kabisa ya mwili wa kiumbe wakabadilisha kilichoandikwa humo. Tulimjibu papo hapo. Tulisema kuwa huko ni kuyachezea maumbile ya Mwenyezi Mungu, na kwamba Shetani aliapa zamani kuwaamuru wanaadamu waligeuze umbo la Mola wao, na hii ndiyo tafsiri ya kiapo chake. Jibu hilo liliwapendeza waliohudhuria, na sisi tukafunga kitabu tukidhani kazi imekwisha.

Baada ya sala ya Isha alitufuata mtu mmoja, fundi wa cherehani, ambaye twamjua kwa miaka mingi. Akatushika mkono pale penye ngazi za msikiti, akasema: "Maalim, nina mtoto wa miaka tisa. Mwezi huu pekee amelazwa mara mbili kwa maumivu ya mifupa. Nimesikia ya kwamba ng'ambo wameipata njia ya kuitengeneza hiyo hiyo damu inayomuua. Fedha zake sina, wala sitarajii kuwa nazo. Lakini nataka kujua: ikija siku ikaletwa hapa kwetu bure, nitakuwa nimekatazwa na dini kumpeleka mwanangu?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimwomba atupe muda. Na leo twaandika haya katika ukurasa huu, wala si kumnong'oneza yeye peke yake, kwa kuwa kosa lililotolewa mbele ya watu haifai kusahihishwa faraghani.

Kosa letu lilikuwa kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Kila aliyekaa mbele ya shekhe akasoma fiqhi hata kidogo amefundishwa kwamba hukumu hufuata ufahamu; asiyekifahamu kitu hana haki ya kusema ni halali wala ni haramu. Sisi tulilijua hilo, na tukalisahau mara tulipoona kikao chatutazama. Basi tulikwenda kuuliza. Tulikaa na daktari Mwislamu siku tatu, na tukasoma tulivyoweza kusoma. Na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, viitwavyo seli. Ndani ya seli, isipokuwa za aina chache, mna maandishi ya namna ya kuujenga na kuuendesha mwili. Herufi zake ni nne tu, lakini zimepangwa kwa safu ndefu yapata milioni elfu tatu kutoka kwa baba, na kiasi hicho hicho kutoka kwa mama. Kila kipande cha maandishi hayo chenye kazi yake huitwa jeni. Jeni moja hufundisha seli kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu inayobeba pumzi, iitwayo hemoglobini. Sasa, ndugu msomaji, kumbuka ulipokuwa chuoni ukiandika juu ya ubao. Ukiiweka nukta moja mahali si pake, neno lote hugeuka, na fimbo ya maalim hukujia. Maradhi ya mtoto wa yule fundi ni nukta moja kama hiyo: katika maandishi yote hayo, herufi moja ya jeni ya hemoglobini imekuwa si ile.

Maradhi hayo huitwa selimundu, na wengi wetu huyaita sikoseli. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni duara, nayo ni laini. Hupenya katika mishipa myembamba bila ya taabu. Lakini ya mgonjwa huyu, ikisha kutoa pumzi iliyoibeba, hukakamaa na kupinda kama mundu wa kukatia majani. Chembe hizo zikikwama katika mshipa, sehemu iliyo mbele hukosa damu, na hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha akishika miguu au mgongo. Macho huwa manjano, mikono ya mtoto mchanga huvimba, wengu huharibika, na maradhi madogo huwa makubwa. Ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zilizoambiwa kuwa mtoto wa namna hii ana jicho la mtu, au ameingiwa na pepo wa mamake! Ni hirizi ngapi zilizofungwa juu ya viungo vilivyovimba, na mbuzi wangapi waliochinjwa, na mtoto akazikwa kabla ya kutimiza miaka mitano! Hatusemi haya kuwacheka wazee wetu, ambao hawakuwa na wa kuwaeleza. Twawasema wale wanaojua leo, na bado huchukua fedha.

Mtoto hapati maradhi haya ila aipokee herufi hiyo kwa baba na kwa mama pia. Aliyeipokea kwa mmoja tu huwa mchukuzi: mwenyewe ni mzima, huenda akaishi hata akazeeka wala asijue. Wakioana wachukuzi wawili, basi kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaliwa mtoto mgonjwa, mafungu mawili ya kuzaliwa mchukuzi, na fungu moja la kuzaliwa asiye na herufi hiyo kabisa. Na hili hurudi upya kwa kila mimba. Wako wanaodhani kwamba akisha kuzaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamepona. Sivyo.

Na sisi watu wa pwani yatuhusu khasa. Katika mwaka 1949 kijana mmoja, Anthony Allison, ambaye alikulia nchini Kenya, alizunguka nchi hii akikusanya damu za watu. Aliona jambo la ajabu: wachukuzi walikuwa wengi pwani na kandokando ya ziwa, na katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Alijiuliza, maradhi yanayoua watoto yamewezaje kudumu kwa wingi namna hii? Katika mwaka 1954 alitangaza jibu lake. Mchukuzi, yule mwenye herufi moja tu, hukingwa na ukali wa malaria. Penye mbu na malaria, wachukuzi huokoka wakazaa. Na kwa hivyo herufi hiyo ikabaki. Tutarudi kwenye jambo hili, kwani ndani yake mna fundisho ambalo hatukulitarajia.

Sasa tuitazame hiyo tiba. Sote tulipokuwa tumboni mwa mama zetu tulikuwa na hemoglobini ya namna nyingine, ya kitoto, nayo haipindi. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima pole pole na kuwasha ya kiutu uzima. Ndiyo sababu mtoto wa selimundu huwa mzima miezi ya mwanzo, kisha ndipo maradhi yakajitokeza. Wataalamu walitambua jeni inayofanya kazi ya kuizima ile ya kitoto. Basi huchukua kwa mgonjwa zile seli mama za damu, ambazo makao yake ni katika uboho wa mifupa, wakazipeleka maabara, wakatumia chombo kiitwacho krispa, ambacho ni kama mkasi unaoongozwa kwenye neno moja tu kati ya maneno yote, wakaikata sehemu inayoendesha uzimaji huo katika seli hizo. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuondoa uboho wake wa zamani, na seli zake mwenyewe zilizotengenezwa hurudishwa mwilini. Zikishika, damu ya kitoto huanza kutengenezwa tena. Mabibi wawili waliokivumbua chombo hicho, Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Uingereza iliiruhusu tiba hii Novemba 2023, na Marekani ikafuata Disemba. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha wakati wa kuiruhusu Marekani, 29 walikaa mwaka mzima bila ya kushikwa na maumivu makali.

Si tiba nyepesi. Ile dawa ya kuondoa uboho huweza kumfanya mtu asizae, na mgonjwa hukaa hospitali majuma mengi. Lakini msomaji na aangalie vizuri jambo moja, kwani hukumu yote yasimama hapo: kilichoguswa ni damu ya mgonjwa, wala si mbegu yake ya uzazi. Akija kuzaa, atamrithisha mwanawe herufi ile ile aliyozaliwa nayo. Umbo la kizazi limeachwa kama lilivyokuwa. Aliyetibiwa ni mtu huyu mmoja mwenye kuumwa.

Je! huku ndiko kugeuza alichoumba Mwenyezi Mungu? Turudi kwenye aya ile ya Suratun-Nisaa tuliyoisomea watu bila ya kuwasomea maneno ya wafasiri. Wako waliosema kuwa makusudio ni kuhasi, na wako waliosema ni kuchanja chale za mapambo. Na wako wengi, miongoni mwao waliopokea kwa Ibnu Abbas, waliosema kuwa kinachokusudiwa ni kuigeuza dini ya Mwenyezi Mungu na umbile la asili aliloliumbia watu. Imamu At-Tabari ameipa nguvu kauli hii ya mwisho. Hatuna basi haki ya kuishika aya kama rungu tukampiga nayo baba wa mtoto mgonjwa. Na lau kila mabadiliko ya mwili yangalikuwa haramu, tungalikatazwa tohara, na kukata kucha, na kung'oa jino bovu.

Na iko khabari ya Sahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa vitani zama za ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaoza ikanuka, basi Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Khabari hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Wote twajua kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Lakini hapa haikuwa pambo. Ilikuwa kumrudishia mtu kilichompotea. Maulamaa wamejenga juu ya khabari hii hukumu nyingi za matibabu. Yule aliyeruhusiwa dhahabu usoni ili pua isinuke, na huyu mtoto anayelia usiku kwa mifupa yake, ni nani mwenye haja kubwa zaidi?

Tena ndugu zetu wenye maradhi ya sukari wameishi na elimu hii miaka mingi bila ya kuulizana. Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na za nguruwe, na Waislamu walikuwa wakipata dhiki kubwa kwa hilo. Katika mwaka 1978 wataalamu Marekani waliweza kuitia jeni ya insulini ya mwanaadamu ndani ya kidudu kidogo, kidudu kikaitengeneza; na mwaka 1982 ikaruhusiwa kuuzwa. Basi uhandisi wa jeni ndio uliotuondolea nguruwe katika sindano! Wangapi waliokuwa wakiitikia kwa vichwa siku ile ya darsa walikuwa wamejidunga asubuhi yake?

Wala hatukuwa wa kwanza kulitazama jambo hili. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1998, liliruhusu kuitumia elimu hii kwa kukinga maradhi na kuyatibu, kwa sharti isilete madhara makubwa zaidi. Na likakataza kuitumia kwa kuchezea nafsi ya mwanaadamu na umbo la kizazi chake. Mwaka mmoja kabla yake, Majmaa ya Fiqhi ya Jidda iliharamisha kunakili mtu mzima kutokana na seli. Yalikuwa yameandikwa miaka mingi iliyopita, na sisi tulijibu kama tulioshtukizwa usingizini.

Sasa twafika kwenye mpaka ambao hapo tunasimama, na twawaomba wasomaji wasimame nasi. Mwezi wa Novemba 2018 mtaalamu mmoja wa China, He Jiankui, alitangaza kuwa wamezaliwa mapacha wawili wa kike ambao aliwabadilisha jeni walipokuwa bado ni tone la mimba nje ya tumbo la mama. Baba yao alikuwa na virusi vya ukimwi, naye alitaka watoto wasiweze kuambukizwa maisha yao yote. Watoto hawakuwa wagonjwa. Njia nyingine za kumzuia baba asiambukize zilikuwapo, tena zinajulikana. Vyeti vya kuruhusiwa kazi hiyo vilikuwa vya kughushi. Mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu mwezi wa Disemba 2019.

Tofauti ya jambo hili na lile la kwanza ni kubwa kama tofauti ya kuziba shimo la ukuta na kuchimbua msingi. Badiliko likitiwa katika mimba changa namna ile, huingia katika mwili wote na katika mbegu ya uzazi, na hurithiwa na watoto, na wajukuu, na vilembwe, ambao hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Mkasi ukikata mahali si pake, hapana wa kurudisha. Na jeni hiyo aliyoiharibu ina kazi nyingine: watu wanaozaliwa bila yake huzidiwa zaidi na homa moja ya mbu iitwayo ya West Nile. Alitaka kufunga mlango mmoja, akafungua mwingine.

Na hapa ndipo twarudi kwa Allison. Fikiri, ndugu, kama katika zama za babu zetu angetokea mwenye mkasi huo na nia njema, akasema: herufi hii ya selimundu ni kasoro, niifute katika kizazi chote cha watu wa pwani. Angaliifuta kasoro, na pamoja nayo angaliifuta ngao, na malaria ingaliwamaliza wengi zaidi. Kitu kile kile ni msiba kwa anayekipokea mara mbili, na ni kinga kwa anayekipokea mara moja. Sisi hatusemi kwa hivyo kwamba mgonjwa aachwe afe kwa kuwa jirani yake amekingwa. Huo ni upuuzi. Twasema kuwa anayetibu mgonjwa mmoja hujua anachotibu, na anayebadilisha kizazi hajui anachokiondoa. Kwa hivyo la kwanza twaliona ni halali, tena lasifiwa. Na la pili twaliona haramu kwa hali ya elimu ilivyo leo. Ama uhandisi wa kuzidisha urefu, au akili, au kuchagua rangi ya macho, hilo hata halitaki utafiti. Huko hapana ugonjwa, pana kiburi tu.

Liko jambo jingine linalotuuma. Bei ya tiba hii ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2, yaani mamia ya mamilioni ya shilingi za Kenya, kwa mgonjwa mmoja. Watoto wengi mno wanaozaliwa na selimundu huzaliwa Afrika, na dawa imewekwa wasikoweza kuifikia. Tuliposimama darsani kuharamisha, tulikuwa tukiwakataza watu kitu ambacho hakuna anayewapa! Haya ni ya kusikitisha, na twadhani wenye mali katika Waislamu, wanaojenga misikiti mitatu katika mtaa mmoja, wangalifaa kuulizwa juu yake siku moja. Lakini si leo.

Leo twataka kusema kuhusu kilicho mkononi. Iko dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea, nayo kazi yake kubwa ni ile ile ya kuiamsha damu ya kitoto, bila ya mkasi na bila ya mamilioni. Utafiti uliofanywa katika nchi nne za Afrika, na Kilifi yetu ikiwa mojawapo ya mahali pake, ulitangazwa mwishoni mwa 2018. Ukaonyesha kuwa watoto wanaoimeza hupungukiwa na maumivu, na kuongezwa damu, na malaria, na hata vifo. Hutolewa kwa uangalizi wa daktari, na damu hupimwa mara kwa mara. Na iko hiyo kupima damu kabla ya nikaha, ambayo yajulisha kama bwana na bibi wote wawili ni wachukuzi. Wengi huiona ni aibu. Tumewahi kumwona baba aliyekasirika akasema, "Mwanangu atakiwa apimwe kama ng'ombe?" na nikaha ikafungwa hivyo hivyo, na sisi ndio tulioifunga. Watoto wawili wa nyumba hiyo wamekwisha kuzikwa. Hatusemi kuwa wachukuzi wawili ni haramu kuoana. Twasema waingie wakijua, na watoto wao wapimwe tangu uchanga.

Basi kuanzia mwezi ujao, yeyote atakayetutaka tumfungie nikaha katika mtaa wetu tutamwomba cheti cha kipimo hicho, cha mume na cha mke. Hatutakisoma sisi, watakisoma wenyewe wawili na wazazi wao. Hatumlazimishi mtu, na asiyetaka aweza kwenda kwa mwingine.

Ama yule fundi, tulimwendea dukani kwake Alkhamisi iliyopita tukamwambia: "Ndugu yetu, tulikosea. Ikija, mpeleke." Akanyamaza kidogo, akiendelea kushona. Kisha akauliza kliniki ya hiyo dawa ya kumeza hufunguliwa siku gani. Tulimwambia tutakwenda naye.